Beseni la Mjomba

Mjomba wangu ni fundi wa pikipiki na baiskeli mjini Kasese, magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori. Shule aliiacha darasa la saba. Mwezi wa Agosti 2023, siku moja kabla sijapanda basi kwenda Kampala kuanza chuo kikuu, aliniita gereji kwake, akafuta mikono kwa kitambaa kilicholowa oili, akatoa daftari la kurasa 96 lililofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Akaniambia: "Mpwa wangu, huko unakokwenda kuna walimu wa nyota. Mpe mmoja asome. Akimaliza, uniletee jibu."

Nililipokea kwa mikono miwili kama inavyopasa. Kisha nikakaa nalo miezi kumi na minne ndani ya sanduku chini ya kitanda, na mara tatu aliponipigia simu kuuliza, nilimwambia uongo.

Daftari lenyewe lilikuwa na swali moja tu, lililoandikwa kwa herufi kubwa katika ukurasa wa kwanza: "KAMA HAKUNA INJINI, HII YOTE INATEMBEA NA NINI?" Kurasa zilizofuata zilikuwa jibu lake. Lilianza mwaka 2022, mteja mmoja alipomwonyesha kwenye simu picha ya shimo jeusi lililo katikati ya galaksi yetu, ile picha iliyotangazwa na wanasayansi mwezi Mei mwaka huo: duara la rangi ya machungwa lenye giza katikati. Mjomba aliitazama akasema, "Hii ni habu." Hakuona ajabu yoyote. Kwa mtu aliyeishi maisha yake yote na magurudumu, kitu kinachozunguka lazima kiwe na habu, na habu lazima iwe na kitu kinachoizungusha. Aliposikia kwamba galaksi yetu ina nyota zaidi ya bilioni mia moja na kwamba zote zinazunguka katikati pale, hesabu yake ikakamilika. Shimo jeusi ni injini. Mikono ya galaksi, ile inayojipinda kama konokono, ni mikanda inayopeleka nguvu nje. Nyota zimeshikwa na mikanda, zinavutwa. Injini ikizima, kila kitu kitasimama.

Ndugu msomaji, usicheke. Mimi nilicheka, na ndiyo sababu ninaandika.

Lazima nieleze Kiswahili cha daftari, maana kwa wenzangu wa somo hili ndicho kitakachowavutia kwanza. Nyumbani kwetu tunasema Kikonzo. Kiswahili cha mjomba ni cha Kilembe, kwenye mgodi wa shaba ambako baba yake, yaani babu yangu, alifanya kazi. Mgodini walikutana watu wa makabila mengi, wengine wakiwa wametoka ng'ambo ya mpaka, Kongo, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili kisichojali ngeli. Mjomba anaandika "hii nyota zinatembea" na "ile injini iko nasukuma". Mwezi wangu wa kwanza chuoni, nikiwa nimejaa sarufi kama gunia, nilichukua kalamu nyekundu nikaanza kulisahihisha daftari. "Nyota hizi zinasogea." "Injini ile inasukuma." Nilijiambia kwamba ninalitayarisha lisomeke na mhadhiri. Ukweli ni kwamba kusahihisha kulikuwa rahisi kuliko kupeleka.

Katika kusahihisha huko niliona jambo. Mjomba hatumii kitenzi "kuzunguka" hata mara moja. Kila mahali ni "kuzungusha" au "kuzungushwa". Kwake nyota hazizunguki, zinazungushwa. Wakati huohuo darasani tulikuwa tukifundishwa mnyambuliko, na mhadhiri wetu alieleza kwamba kauli ya kutendesha huongeza mshiriki mmoja katika sentensi, yule anayesababisha tendo. Mtoto analala, mama anamlaza mtoto. Gari linaenda, dereva analiendesha. Nikasema, aha, mjomba ameongeza mshiriki angani! Nikaona hapo pana karatasi nzuri ya kumaliza muhula. Niliiandika, nikapata alama nzuri, na mifano yangu yote ilitoka katika daftari lile. Kwa hiyo mwalimu wa lugha alilisoma, kwa namna fulani, na mwalimu wa nyota hakuliona. Jioni ile mjomba alipopiga simu nilimwambia, "Wanalisoma, Mjomba."

Kwa nini sikulipeleka? Jengo la fizikia liko hatua chache kutoka ukumbi wetu. Lakini nilipokuwa kidato cha nne hisabati ilinishinda vibaya, na pamoja nayo ikaondoka ndoto ya kusoma sayansi, ndoto ambayo haikuwa yangu peke yangu. Tangu nikiwa mdogo, umeme ulipokatika usiku na mji wote ukawa giza, mjomba alinitoa nje, akanielekeza upande wa kusini palipo na lile wingu jeupe refu la nyota, akasema, "Wewe utanieleza hii." Karo yangu ya sekondari nusu ilitoka katika pancha alizoziba. Matokeo yalipotoka alisema tu, "Lugha pia ni kazi," akarudi kwenye kazi yake. Sasa niingie jengo la fizikia nikiwa mtu aliyeshindwa hesabu, nimebeba daftari la fundi baiskeli linalosema mbingu ina injini? Niliona aibu mara mbili, kwa ajili yangu na kwa ajili yake. Ile ya pili ndiyo inayoniuma zaidi.

Kilichoniamsha ni habari ya mwanamke mmoja wa Marekani niliyokutana nayo maktabani, katika kitabu ambacho sikukitafuta. Jina lake ni Vera Rubin. Mwezi Desemba 1950, akiwa na umri wa miaka 22, mwanafunzi aliyetoka kumaliza shahada ya uzamili, na mtoto mchanga mkononi, alisimama mbele ya mkutano wa wanaastronomia kueleza wazo lake. Alikuwa amekusanya takwimu za galaksi chache zilizokuwa zimepimwa mpaka wakati huo, akauliza: je, mbali na kukimbiana, galaksi zote kwa pamoja huenda zinazunguka kitu fulani? Wazee wa fani walimpokea kwa ukali. Na kusema kweli takwimu zilikuwa chache mno, wazo lile halikusimama. Nilikiweka kitabu chini. Mimi pia nilikuwa na miaka 22.

Lakini Rubin hakuachana na galaksi. Baadaye, akishirikiana na Kent Ford aliyekuwa ametengeneza kifaa kizuri cha kupambanua mwanga, alipima kasi ya mawingu ya gesi katika galaksi ya Andromeda, kuanzia karibu na kitovu mpaka pembeni kabisa. Namna ya kupima hata mjomba angeielewa bila kuambiwa mara mbili. Bodaboda ikija upande wako sauti yake ni nyembamba, ikikupita inakuwa nzito. Mwanga nao ni hivyo: kitu kikija kwako mwanga wake unaelekea rangi ya buluu kidogo, kikienda zake unaelekea nyekundu. Upande mmoja wa galaksi inayozunguka unakuja, upande wa pili unaondoka, na tofauti ya rangi inakupa kasi.

Kila mtu alijua wangekuta nini. Katika familia ya Jua letu, sayari iliyo karibu huenda mbio na iliyo mbali hujikokota. Utaridi huenda kama kilomita 47 kwa sekunde, Dunia kama 30, Neptuni kama 5 na kidogo. Sababu ni kwamba karibu uzito wote uko katikati, kwenye Jua, na mvuto wake hudhoofu kadiri unavyokwenda mbali. Katika galaksi mwanga mwingi uko katikati, kwa hiyo walitarajia nyota za pembeni zijikokote vilevile. Rubin na Ford walichapisha matokeo mwaka 1970. Kasi haikupungua walivyotarajia. Miaka iliyofuata wakapima galaksi nyingine, na nyingine, hadithi ikawa ileile: nyota za ukingoni zinakwenda kasi karibu sawa na zile za ndani.

Hapo nilikumbuka kwamba daftari la mjomba lina kurasa ambazo sikuwahi kuzisoma. Kuanzia ukurasa wa 31 kulikuwa na michoro ya beseni na vijedwali vya namba, nami niliziruka kwa sababu hazikuwa na vitenzi vya kusahihisha. Hata siku ile sikuzisoma. Nililifunga tu daftari katika mfuko wake wa plastiki, na kesho yake nikaenda jengo la fizikia.

Mhadhiri niliyempata alikuwa mtu wa makamo, ofisi yake ndogo, chai imepoa mezani. Nilijieleza vibaya. Nilianza kwa kuomba radhi, nikasema mjomba wangu si msomi, kwamba ni mambo ya kubuni tu, kwamba nimeahidi. Akanikatiza kwa upole: "Niache nisome." Alisoma kurasa za mwanzo haraka, akitabasamu mara moja moja. Nilijua tabasamu lile, lilikuwa langu. Alipofika ukurasa wa 31 akaacha kutabasamu. Akavuta kiti karibu na dirisha.

"Huyu mtu amepima," akasema.

Mjomba alikuwa amefunga fimbo ya chuma kwenye dreli, akaizamisha katikati ya beseni kubwa la maji, akanyunyiza unga wa mbao juu ya maji, akawasha. Alitaka kuona injini ya katikati inavyozungusha vitu vilivyo mbali. Kisha, na hili ndilo lililomfanya mhadhiri asogee dirishani, akachukua saa na futi kamba. Kwenye sentimita 5 kutoka kwenye fimbo, unga ulizunguka mara 40 kwa dakika. Kwenye sentimita 12, mara 7. Kwenye sentimita 24, karibu na ukingo wa beseni, mara moja na nusu. Alirudia siku tatu tofauti, akaandika zote. Chini yake aliandika: "Mbali inachoka."

Mhadhiri alichukua penseli akaigeuza mizunguko ile kuwa kasi. Karibu na fimbo, sentimita 21 kwa sekunde. Katikati, 9. Ukingoni, 4. Akaniuliza, "Na katika galaksi, ukingoni kukoje?" Nikajibu kwamba kasi ni karibu ileile. Akanitazama, akangoja. Ilinichukua muda kuona. Beseni la mjomba lilikuwa limeikataa nadharia ya mjomba. Kama kitu cha katikati ndicho kinachosukuma vingine vyote, basi mbali kutachoka, kama alivyoandika yeye mwenyewe kwa mkono wake. Galaksi haichoki. Jibu la swali lake lilikuwa katika ukurasa wa 31 muda wote, na mimi nilikuwa nikipaka wino mwekundu kwenye ukurasa wa 4.

Tulikaa kama saa nzima. Mhadhiri alinieleza kwamba kuna makosa mawili katika daftari, moja dogo na moja kubwa, na kwamba lile dogo ndilo watu wengi hulifikiria kuwa kubwa. Dogo ni hili la shimo jeusi. Shimo jeusi la galaksi yetu lina uzito wa majua kama milioni 4. Ni mengi kwa kusikia. Lakini Jua letu liko umbali wa miaka ya nuru kama 26,000 kutoka katikati, na linakwenda kama kilomita 220 kwa sekunde. Ili kitu kiendacho kasi hiyo kishikwe katika njia yake kisitoroke, ndani ya njia hiyo unahitaji uzito wa majua kama bilioni 90. Akaniambia nitoe simu. Gawa bilioni 90 kwa milioni 4. Nikapata 22,500. Tafuta kipeuo cha pili. Mimi, mtu wa kidato cha nne niliyeshindwa, nikabonyeza: 150. Gawa 220 kwa 150. Karibu moja na nusu. "Hiyo ndiyo kasi ambayo shimo jeusi peke yake lingeweza kuishikilia huku tulipo," akasema. "Kilomita moja na nusu kwa sekunde." Tofauti ya 1.5 na 220 ni kama tofauti ya mtu atembeaye kwa miguu na ndege. Shimo jeusi limekaa katikati, kweli, lakini halifanyi kazi hiyo. Nyota zilizo jirani nalo ndizo zinazolisikia. Sisi huku tunashikwa na uzito wa galaksi nzima.

Na uzito huo wenyewe hautoshi ukihesabu vinavyoonekana tu, hasa ukienda pembeni. Hapo ndipo linapoingia lile jambo ambalo Fritz Zwicky, Mswisi aliyefanya kazi California, alikuwa amelidokeza tangu 1933 alipotazama kundi la galaksi liitwalo Coma na kuona kwamba zinakwenda mbio mno, nyota zinazoonekana zisingeweza kuzishika pamoja. Kuna kitu kingine chenye uzito. Kwa Kiswahili tumezoea kukiita maada ya giza, na hapa niruhusuni niseme kidogo kama mwanafunzi wa lugha: jina hili halinipendezi. Giza kwetu ni kitu kinachoficha. Ukiingia gizani huoni mbele. Maada hii haifichi chochote. Mwanga unapita ndani yake kama vile haipo. "Maada isiyoonekana" ni jina refu lakini halidanganyi. Wanasayansi wamepima uzito wake kwa njia nyingi, na bado hakuna aliyeikamata chembe yake hata moja. Wapo pia wachache, akiwamo Mordehai Milgrom tangu 1983, wanaosema hakuna maada kama hiyo, bali sheria yenyewe ya mvuto ndiyo inayohitaji kurekebishwa mahali ambapo mvuto ni hafifu sana. Mhadhiri wangu hayuko upande huo, lakini alinieleza bila dharau.

Kosa kubwa ni lile swali la ukurasa wa kwanza. Hakuna kinachoziendesha. Kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo wake mpaka kizuiwe, na angani hakuna cha kuzuia. Galaksi ilikuwa wingu kubwa la gesi na hiyo maada isiyoonekana, likavutwavutwa na mawingu jirani likapata mzunguko kidogo, likajikunja, na kadiri lilivyojikunja likazunguka kwa kasi zaidi. Basi. Toka hapo halihitaji mafuta. Kinachohitajika ni cha kupinda njia tu, ili nyota isiende moja kwa moja ikapotea, na kazi hiyo ni ya mvuto. Kwa maneno yetu sisi wa lugha, nyota zinazunguka. Hazizungushwi.

Kabla sijatoka niliuliza kuhusu sehemu ya mwisho ya daftari, ambako mjomba alisema injini nyingine inazisukuma galaksi zikimbiane. Mhadhiri alicheka, akasema hapo mjomba wako anaingia mahali ambapo hata sisi tunatembea kwa kupapasa: tangu 1929 Hubble alipoonyesha kwamba galaksi za mbali zinatuacha, na hasa tangu 1998 ilipogunduliwa kwamba kuachana huko kunaongeza kasi, kuna kitu kinachofanya hivyo, na jina tulilokipa ni jina tu. Andromeda yenyewe haitukimbii, inakuja kwetu, kama kilomita 110 kwa sekunde. "Mwambie asiogope, ni mabilioni ya miaka." Katika ukurasa wa 31 akaandika kwa penseli: "Kazi nzuri. Na galaksi?"

Nilirudi Kasese mwezi Desemba 2024. Njiani, kuanzia Fort Portal mpaka nyumbani, nilikuwa nikipanga maneno. Nilimkuta amekaa juu ya kigogo, gurudumu la baiskeli limesimamishwa mbele yake, akikaza spoki. Nilimwamkia, nikampa daftari. Kisha nikasema yote kwa mkupuo: kwamba lilikaa sandukuni, kwamba hakuna aliyekuwa akilisoma nilipomwambia wanalisoma, kwamba nimelitumia kupata alama zangu, kwamba wino mwekundu ni wangu.

Hakuinua kichwa. Alikaza spoki moja, akazungusha gurudumu, akatazama kama limenyooka, akakaza nyingine. Nadhani zilipita dakika tano. Nilitamani anigombeze. Halafu akauliza:

"Huyo mwalimu, alisoma mpaka beseni?"

"Alisoma mpaka beseni, Mjomba. Hapo ndipo alipovuta kiti."

Ndipo akaweka spana chini.

Tulikaa mpaka jua likazama. Nilimfanyia hesabu ileile kwenye simu, 22,500, 150, moja na nusu. Aliirudia mwenyewe mara mbili kwa kalamu, maana haiamini simu. Nilimwonyesha kasi za beseni lake alizozipata mhadhiri, 21, 9, 4, halafu nikamweleza kuhusu Andromeda. Alinyamaza kwa muda mrefu akiutazama ukurasa wa 31. "Mbali haichoki," akasema. Nikasema haichoki. "Basi iko injini ingine yenye hatuoni." Nikamwambia kwamba hapo yuko karibu sana na wanasayansi, ila kwamba kitu hicho kisichoonekana hakiko katikati, kimeizunguka galaksi yote, ndani na nje, hata mahali ambapo nyota zimekwisha. Akafikiri. "Basi hiyo si injini. Hiyo ni mzigo."

Sijasoma popote maelezo mafupi kuliko hayo.

Lakini kuhusu jambo lile kubwa, kwamba hakuna kinachoendesha, tulishindana kabisa. Alisema katika miaka thelathini ya kazi hajaona kitu kinachokwenda bila mafuta au bila miguu ya mtu. Nilieleza kuhusu msuguano kwa maneno ya kitabu, akaniangalia kama mteja anayemfundisha kazi. Mwishowe nikachukua gurudumu la zamani lililokuwa kando, nikalisukuma. Likalia kidogo, likasimama. Nikasukuma lile alilokuwa akilitengeneza, lenye beringi mpya na grisi mpya. Likazunguka, likazunguka, tukazungumza mambo ya shangazi na bei ya saruji, nalo linazunguka. Nikauliza, "Na kama beringi ingekuwa nzuri kupita hii? Na nyingine nzuri kupita hiyo?" Hakujibu. Akaliacha mpaka likasimama lenyewe, akitazama saa.

"Bado lilisimama," akasema.

Mpaka leo hajakubali. Akinipigia simu huanza na salamu za nyumbani, kisha huniuliza kama nimekwenda tena kwa yule mwalimu, na kama yule mwalimu ameona beringi isiyochoka kwa macho yake. Nimemwambia amekaribishwa chuoni akaulize mwenyewe. Anasema atakuja mwaka huu kazi ikipungua.

Jioni ile, kijana mmoja alikuja akisukuma pikipiki yenye pancha, ikabidi mjomba asimame. Kabla hajamwendea alinirudishia daftari likiwa limefunguliwa ukurasa wa 31, akanipa kalamu yake. Alitaka chini ya vijedwali vyake niandike namba za galaksi, kasi ya ndani na kasi ya ukingoni, zikae pamoja na za beseni.

"Andika hapo," akasema. "Lakini usisahihishe Kiswahili changu."